Mhandisi hajengwi kwa karo pekee

Kila mwaka matokeo ya mtihani wa KCSE yanapotangazwa, nyimbo husikika katika vijiji vya Muthetheni. Akina mama hujifunga leso, hukata matawi, humbeba mwana juu kwa juu, na mwalimu mkuu hupigiwa makofi hadi viganja vikawaka moto. Ni furaha ya haki. Katika wadi hii ya eneobunge la Mwala, mashariki ya mji wa Machakos, ambako mvua huja ipendapo na mahindi hukauka yangali na ndevu, mtoto aliyepata alama za kumfikisha kwenye kozi ya uhandisi ni mtoto aliyekwea mlima bila viatu.

Lakini nyimbo hizo zina kasoro moja: huimbwa mwanzoni mwa safari. Miaka mitano baadaye, wakati mwana yule anapopaswa kurudi na shahada yake, ni wachache wanaouliza iwapo alifika au alikwama njiani. Kijiji huwahesabu wanaoondoka, hakiwahesabu wanaorudi mikono mitupu. Hata wakubwa wetu, ambao hawachoki kututajia idadi ya waliopata nafasi za vyuo vikuu, hawana mazoea ya kututangazia ni wangapi kati ya watoto wa maskini walioingia katika darasa la uhandisi na wakatoka wakiwa wahandisi.

Niliwahi kukutana na mmoja wao sokoni Muthetheni. Nilikuwa natafuta pikipiki ya kunipeleka kijijini, na kijana niliyemwita akanibeba bila maneno mengi. Hatukufika mbali kabla ya chombo kuzima. Alikiinamia, akafungua waya mbili tatu, na huku akihangaika alinieleza kilichoharibika kwa lugha isiyosikika sana katika maegesho ya bodaboda: volteji, ukinzani, mzunguko wa umeme. Nilipomuuliza aliyapata wapi hayo, alicheka kidogo, akasema kwamba alisomea uhandisi wa umeme kwa miaka miwili katika chuo kikuu cha umma.

Kilichomtoa chuoni hakikuwa pombe, wala uzembe, wala upungufu wa akili. Mwaka wa kwanza aliuvuka kwa mchango wa harambee na mkopo wa serikali. Mwaka wa pili mkopo ulichelewa. Akarudi nyumbani, akapakia mchanga mtoni kwa majuma matatu ili apate nauli na chakula. Katika majuma hayo alikosa mazoezi ya maabara, na kwa kukosa maabara akazuiwa kufanya mitihani ya masomo mawili. Mwenzake wa chumbani, aliyekuwa akimwazima kompyuta, alihama. Hatimaye alipokea barua kutoka chuoni, akaisoma mara moja, akaelewa kwamba amefukuzwa, akafunga sanduku lake. Zaidi ya mwaka mmoja ulipita kabla ya abiria mmoja, mwalimu, kumweleza kwamba barua ile haikuwa ya kumfukuza. Angeweza kuomba kuahirisha masomo kwa mwaka mmoja na kurudia yale mawili. Alipoulizwa kwa nini hakwenda kwa mkuu wa idara kutaka maelezo, alijibu kwamba hakujua kuna mtu wa kuulizwa.

Msomaji, hapo ndipo penye kiini cha makala haya. Kijana yule aliponzwa na ufukara wa aina mbili. Wa kwanza ni ufukara wa fedha, ambao sote tunaujua na tunaupigia kelele. Wa pili ni ufukara wa mtu: kutokuwa na hata mmoja katika ukoo, katika kijiji na katika chuo anayeijua njia na kukuonya penye shimo. Mtoto wa daktari au wa mhandisi akipata barua kama ile, humpigia babake simu jioni hiyo hiyo, na kesho yake jambo limekwisha. Mtoto wa mkulima wa mbaazi na ndengu humpigia babake simu pia, lakini baba hana la kusema ila kumwombea Mungu. Tumejitahidi, japo kwa kusuasua, kupambana na ufukara wa kwanza. Huu wa pili tumeuacha ujitatue wenyewe.

Tutazame kwanza upande wa fedha, maana hatuwezi kuurukia. Mikopo ya wanafunzi wa vyuo vikuu nchini ilianza katikati ya miaka ya 1970, na mwaka 1995 Bunge likapitisha sheria iliyounda Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, maarufu kama HELB. Kwa miaka mingi serikali ilikuwa ikivipelekea vyuo vikuu fungu la fedha kwa kila mwanafunzi, naye mwanafunzi akilipa sehemu ndogo. Mwaka 2023 mpango huo ulibadilishwa. Fedha sasa zilitakiwa kumfuata mwanafunzi mwenyewe kulingana na uwezo wa familia yake, zikigawanywa sehemu tatu: ruzuku ya masomo, mkopo, na mchango wa nyumbani.

Katika mpangilio wa mwaka 2024, familia ziliwekwa katika makundi matano. Kundi la kwanza, la wenye pato lisilozidi shilingi 5,995 kwa mwezi, mwanafunzi hupewa ruzuku ya asilimia 70 ya gharama ya kozi na mkopo wa asilimia 25, nayo familia hutoa asilimia 5. Katika kundi la tatu ruzuku ni asilimia 50, mkopo asilimia 30, na familia hutoa asilimia 20. Kwa maneno mpango huu ni wa haki. Mwenye nacho atoe zaidi, asiye nacho asaidiwe zaidi. Ni nani angepinga?

Taabu huanza pale mashine inapoulizwa ni nani maskini. Hebu tupige hesabu. Tuseme kozi ya uhandisi inagharimu shilingi 300,000 kwa mwaka. Mtoto wa mjane aliyewekwa katika kundi la kwanza atatakiwa kuleta shilingi 15,000 kutoka nyumbani. Mtoto wa jirani yake, mwenye mashamba ya ukame ule ule na mbuzi wale wale, akiwekwa kimakosa katika kundi la tatu atatakiwa kuleta shilingi 60,000. Tofauti ni 45,000 kwa mwaka, na kwa kuwa uhandisi husomwa kwa miaka mitano, tofauti hiyo inafika 225,000. Isitoshe, huyu wa pili atahitimu akidaiwa mkopo wa karo wa shilingi 450,000 badala ya 375,000. Kosa moja katika fomu, jibu moja lililojazwa na kijana asiyeelewa swali, na maisha ya familia nzima yamepinda.

Ndiyo maana malalamiko yalitanda kote nchini mwaka 2024, wanafunzi wakatishia kugoma, na Rais William Ruto akaunda kamati ya kuutazama upya mfumo huo. Desemba mwaka huo Mahakama Kuu ilitamka kwamba mfumo huo unakiuka Katiba, nayo serikali ikakata rufaa. Mwaka 2025 serikali ikatangaza kupunguza karo za vyuo vikuu vya umma. Haya yote yanaonyesha kwamba wenye mamlaka wamesikia kilio. Lakini kilio walichosikia ni cha fedha tu, na hata hicho wamesikia nusu.

Nasema nusu kwa sababu karo si gharama yote ya kumsomesha mhandisi. Mwanafunzi wa sanaa anaweza kumaliza kozi yake kwa daftari, kalamu na maktaba. Mwanafunzi wa uhandisi au wa kompyuta hawezi. Anahitaji kompyuta yenye nguvu ya kuendesha programu za kuchorea mitambo na kukokotoa miundo. Anahitaji vifaa vya uchorezi, vazi na viatu vya karakana, na data ya intaneti usiku wa manane. Anahitaji kwenda kazini kwa majuma kadhaa ili ajifunze kwa vitendo, na mara nyingi huko halipwi kitu. Bali yeye ndiye hulipa nauli na kodi ya chumba katika mji asioujua. Tena husoma miaka mitano wakati wenzake wanamaliza kwa minne. Mwaka huo wa tano ndio mrefu kuliko yote, kwa kuwa wadogo zake nao wameshafika sekondari, na baba amekwisha kuuza ng'ombe wa mwisho.

Jambo jingine ambalo watu wa ofisi za Nairobi hulisahau ni majira. Mwaka wa masomo wa vyuo vikuu huanza kati ya Agosti na Septemba. Ukambani mvua za kutegemewa zaidi ni zile za Oktoba hadi Desemba, na mavuno yake hupatikana mwanzoni mwa mwaka unaofuata. Kwa hiyo mzazi wa Muthetheni hutakiwa kutoa mchango wake wakati maghala ni matupu, mito ni mchanga mkavu na bei ya mbuzi imeanguka kwa kuwa kila mtu anauza. Asilimia 5 ya Januari si asilimia 5 ya Septemba. Kalenda ya karo ilitungwa na watu wa mshahara, na mkulima ndiye anayelipia kosa hilo.

Je, basari za mashinani hazimsaidii? Husaidia, na ingekuwa utovu wa shukrani kukana. Tangu hazina ya maeneobunge ya CDF ilipoanzishwa mwaka 2003, na baadaye serikali za kaunti zilipokuja na basari zao, watoto wengi wamebaki madarasani ambao wangekuwa machungani. Lakini tabia ya basari hizi inajulikana. Hugawanywa kidogo kidogo ili kila kijiji kipate, kama mchuzi unaoongezwa maji wageni wanapozidi. Anayesomea uhandisi kwa miaka mitano hupata hundi sawa na anayesomea cheti cha miezi sita. Hakuna anayemuuliza mwaka uliofuata amefaulu masomo mangapi. Hundi hutolewa hadharani, picha hupigwa, na mfadhili na mfadhiliwa huagana hadi uchaguzi ujao.

Sasa tuugeukie upande wa pili, ule wa mtu. Kiswahili kina neno zuri kwa mtu ninayemkusudia: mlezi. Simaanishi mfadhili, wala mhadhiri anayefundisha watu mia tatu katika ukumbi mmoja asiwajue kwa majina. Mlezi ni mtu aliyekwisha kupita njia ile, anayelijua jina lako, anayejua umefeli somo gani na kwa nini, na ambaye ukinyamaza majuma mawili atakutafuta. Ukitaka kujua thamani yake, tazama mahali ambapo fedha na ulezi vimewahi kuunganishwa.

Starehe, iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1959 na Geoffrey Griffin pamoja na Joseph Gikubu na Geoffrey Geturo, ilianza na wavulana wa mitaani katika mabanda ya bati. Haikuishia kuwalipia karo. Iliwapa nidhamu, majukumu, na watu wazima waliowajua mmoja mmoja, na jina lake likaenea kote nchini. Mpango wa Wings to Fly, ulioanzishwa mwaka 2010 na wakfu wa benki ya Equity kwa ushirikiano na wakfu wa Mastercard, haukuwalipia wanafunzi wa sekondari karo tu. Uliwakusanya pia, ukawaonyesha watu waliotangulia, ukawapa ushauri. Na katika fani yenyewe ya kompyuta, shirika la AkiraChix la Nairobi, lililoanzishwa na wanawake vijana wa fani hiyo mwaka 2010, limekuwa likiwachukua wasichana kutoka familia zisizojiweza, likiwafundisha kutunga programu kwa mwaka mzima bila malipo, na kuwaweka mikononi mwa wanawake wanaoifanya kazi hiyo.

Mfano huu wa mwisho una uzito wa pekee kwa Muthetheni. Msichana wa kijijini anayetaka uhandisi huvuka mito miwili: mto wa umaskini na mto wa maneno ya watu. Huambiwa kwamba mitambo ni ya wanaume na kwamba miaka mitano ni mingi kwa binti. Darasani hujikuta na wasichana wachache, na akifeli jaribio moja la hisabati huamini kwamba watu walisema kweli. Mwanamke mmoja mhandisi anayemwambia kwamba naye alilifeli jaribio hilo hilo, akarudia, na leo anasimamia ujenzi wa barabara, anaweza kumrudishia moyo ambao hundi ya basari haiwezi kuununua.

Wamarekani nao, pamoja na utajiri wao, waligundua jambo hili. Sheria waliyoipitisha mwaka 1998 iliwatoza waajiri ada kwa ajili ya wataalamu wa kigeni waliowaleta nchini humo, na sehemu ya fedha hizo ikawekwa kando ili kuwasomesha vijana wao wenye uhitaji katika hisabati, uhandisi na kompyuta. Hoja yao ilikuwa nyepesi: kama tunawaleta wageni kwa kuwa hatuna wataalamu wetu wa kutosha, basi ujio wa mgeni umlipie karo mwenyeji atakayekuja kuifanya kazi hiyo kesho. Na mpango huo ulipokua, vyuo vilivyoomba fedha hizo vilitakiwa kueleza jinsi vitakavyowalea wanafunzi hao hadi wahitimu, si jinsi vitakavyowagawia pesa tu.

Kenya tuna mahali pa kuanzia. Tunatoza ada za vibali vya kazi kwa wageni, na miongoni mwao wamo wahandisi waliokuja kutujengea reli na barabara. Aidha, chini ya sheria ya mafunzo ya viwandani, waajiri hulipa ushuru wa shilingi 50 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi, ushuru unaosimamiwa na mamlaka ya NITA ambayo huhusika pia na kuwatafutia wanafunzi nafasi za mafunzo kazini. Hakuna haja ya kubuni kodi mpya ya kumkamua mwananchi aliyekwisha kukauka. Bunge likitenga sehemu tu ya ada hizi za vibali kwa wanafunzi wahitaji wa uhandisi na kompyuta, na sehemu ya ushuru wa viwanda ikatumika kuwalipia nauli na chumba wanapokuwa mafunzoni, mengi yataanza kutengenea.

Najua watakaonijibu. Wa kwanza watasema kwamba nchi imejaa wahandisi wasio na kazi, kwa hiyo kuna haja gani ya kuwaongeza? Hoja hii si ya kupuuzwa. Wamo vijana wenye shahada wanaouza simu na mitumba. Lakini tuichunguze vyema. Sheria ya Wahandisi ya mwaka 2011 inamtaka mhitimu ajiandikishe kwanza kama mhandisi mhitimu, kisha apate angalau miaka mitatu ya kazi kabla ya kutambuliwa kuwa mhandisi kamili. Kwa maneno mengine, taaluma yenyewe inakiri kwamba shahada haimkamilishi mtu, sharti kuwe na mkubwa wa kumwivisha. Mwenye jamaa katika kampuni hupata nafasi hiyo haraka. Asiye na jamaa huzunguka na bahasha hadi soli ziishe. Kwa hiyo tatizo la ajira haliivunji hoja ya ulezi, ndilo linaloishikilia. Mlezi humpa kijana pia mlango wa kubisha.

Wa pili watasema kwamba fedha zielekezwe katika vyuo vya ufundi, maana nchi inahitaji mafundi kuliko wahandisi. Nami nakubali kwamba fundi stadi ni hazina. Lakini isiwe kwamba mtoto wa tajiri anashauriwa kuwa mhandisi na mtoto wa maskini, mwenye alama zile zile, anashauriwa kuwa fundi wake. Aliyeitwa na kipawa chake kwenda kwenye ufundi aende na asaidiwe. Aliyeitwa kwenye uhandisi asizuiwe na umbali wa kijiji chao. Na ulezi huu ninaoupigania unawafaa wote wawili.

Wa tatu watauliza: walezi hao watatoka wapi? Hapa ndipo nitakapowarudisha wasomaji wangu Muthetheni, kwa sababu jibu liko pale pale, limechorwa juu ya vilima.

Katika miaka ya 1930 maofisa wa kikoloni waliitazama Machakos, wakaandika kwamba ni nchi iliyokwisha, iliyoliwa na mmomonyoko. Dawa yao ilikuwa amri: ng'ombe wapunguzwe kwa nguvu. Mwaka 1938 Wakamba, wakiongozwa na Muindi Mbingu, walitembea hadi Nairobi kupinga. Miaka ilipita. Vilima vile vile vilikuja kupigwa matuta, na kazi kubwa ya kuyachimba ilifanywa na vikundi vya mwethya, yaani majirani, wengi wao wanawake, waliohama kutoka shamba hadi shamba kwa zamu. Matuta hayo yanajulikana kwa wataalamu wa udongo duniani kwa jina la Kiswahili, fanya juu. Utafiti uliochapishwa mwaka 1994 ulionyesha kwamba idadi ya watu wa Machakos ilikuwa imeongezeka zaidi ya mara tano katika miaka sitini, ilhali mmomonyoko ulikuwa umepungua. Nchi iliyoandikwa kuwa imekufa ilifufuliwa na watu walioshika majembe pamoja.

Sasa niulize: tuta ni nini kama si uhandisi? Na mwethya ni nini kama si ulezi? Jirani hakukupa pesa ya kuchimba tuta lako. Alikuja na jembe, akachimba nawe, akakuonyesha mteremko unakoelekea, kisha nawe ukaenda kwake. Huo ndio mpango tunaouhitaji kwa watoto wetu walioko vyuoni, nao hauhitaji ndege ya kwenda ng'ambo kuutafuta.

Napendekeza hivi. Kwanza, kila wadi, tukianza na Muthetheni, iwe na daftari la watoto wake wanaosomea uhandisi, kompyuta na sayansi nyinginezo, na daftari la pili la wanaowatangulia: wahandisi, mafundi wa umeme, waalimu wa fizikia, watunga programu, walioko Nairobi, Mombasa na hata ng'ambo. Kila mtoto aunganishwe na mmoja. Simu moja kila juma mbili ni gharama gani? Wana wa wadi hii walioko mjini, ambao hurudi Disemba na magari, waambiwe wazi kwamba mchango wao mkubwa si ile elfu mbili ya harambee, bali ni saa mbili za mwezi.

Pili, basari za kaunti na za maeneobunge zifungwe na mwanafunzi kwa miaka yote ya kozi yake. Ni heri kumsomesha mmoja hadi amalize kuliko kuwasindikiza kumi hadi nusu ya njia. Na fedha zitolewe kwa kufuata majira ya shamba, au hazina ya wadi itangulize mchango wa familia mwezi wa Septemba, familia irejeshe baada ya mavuno.

Tatu, vyuo vikuu vyenyewe viache kungoja mwanafunzi aanguke ndipo vimwandikie barua. Anayekosa maabara mara mbili anapiga kengele; kengele hiyo isikiwe. Mwaka wa kwanza ndio wa hatari, hasa kwa aliyetoka sekondari ya kutwa ambayo maabara yake ilikuwa kabati moja na taa ya spiriti. Apewe masomo ya ziada ya hisabati bila kudharauliwa, apewe mwanafunzi wa mwaka wa nne wa kumwongoza, na huyo wa mwaka wa nne alipwe kitu kidogo kwa kazi hiyo. Na kila barua ya chuo inayotaja kufeli itaje pia, kwa lugha nyepesi, haki ya kukata rufaa, ya kurudia na ya kuahirisha, pamoja na jina la mtu wa kuonwa.

Nne, fomu ya kupima uwezo wa familia isijazwe na mtoto peke yake gizani kwa simu ya kuazima. Chifu, mwalimu na viongozi wa dini wanaijua hali ya kila boma kuliko mashine yoyote. Wawepo anapoijaza, na wawe na njia ya kusahihisha kosa kabla halijageuka deni.

Haya si mambo ya kuahirisha hadi kikao kijacho. Januari 2026 watoto wa kwanza wa mtaala mpya waliingia gredi ya kumi, ambapo kila mmoja alichagua mkondo wake, na serikali imeweka lengo kwamba asilimia 60 wafuate mkondo wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati. Mwaka 2029 watoto hao watabisha milango ya vyuo vikuu. Tunawaelekeza maelfu kwa maelfu katika njia ambayo hatujaiwekea taa. Kama kijana mmoja mwenye akili ya umeme aliweza kupotea kwa kukosa mtu wa kumsomea barua, tutapoteza wangapi watakapokuja kwa wingi huo?

Mnamo Januari 2013 Rais Mwai Kibaki aliweka jiwe la msingi la mji wa teknolojia wa Konza, karibu na mpaka wa Machakos na Makueni. Mji huo, ukikamilika kama ulivyokusudiwa, utahitaji watu wa kuwasha mitambo yake, kutunga programu zake na kusimamia maji na umeme wake. Itakuwa aibu iwapo watoto wa Muthetheni, walio majirani zake, wataingia humo kama wafagiaji na walinzi wa lango, ilhali wahandisi wanatafutwa mbali.

Wahenga walinena kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Hundi ni kidole kimoja. Yule kijana wa pikipiki, nilipomlipa nauli yake, aliniuliza kama bado inawezekana kurudi chuoni baada ya muda wote huo. Nilimwambia nitamuulizia, na nikamuulizia. Nilijibiwa kwamba aandike barua. Tuliiandika pamoja, mezani pa kibanda cha chai, kwa muda usiozidi nusu saa. Sijui chuo kitamjibu nini. Ninachojua ni kwamba nusu saa hiyo ilikuwa imechelewa kwa miaka miwili, na kwamba katika wadi nzima hapakukosekana mtu ambaye angeweza kumpa.